Siku T—

Nilituma pakiti mia kutoka paa la dispensari hadi mnara wa kilimani,
zikarudi sabini na tisa.
Nikatuma mia nyingine: tisini na nane.
Nikatuma tena: sitini.
Kama maradhi yangekaa mahali pamoja ningeyaita kwa jina,
lakini haya yalikuwa homa ya vipindi,
jioni mtu anatetemeka, asubuhi yuko shambani anachuma mboga.

Muuguzi Vihenda hakujua pakiti ni nini.
Alijua hili: daktari wa Mbale, usoni kwenye kioo,
alisema mtoto apewe dawa kwa siku t—
kisha akaganda, mdomo wazi.
Tatu? Tano? Tisa?
Lugha yetu nzuri, lakini siku hiyo ilimtesa.
Akatuma pikipiki ikaulize, shilingi mia tatu, kutoka mfukoni mwake.

Nilianza nilipofundishwa kuanza, chini.
Kichwa cha waya kilikuwa na kutu; nikakikata, nikabana kipya.
Zikapotea.
Nikaiondoa antena kwenye umeme wa ukutani, nikaipa betri.
Zikapotea.
Nikamshuku Asava kinyozi, ruta yake inapayuka masafa yaleyale,
nikamwomba aizime; akazima swichi kuu, kila kitu,
akasimama mlangoni, mashine kimya mkononi,
mteja nyuma yake na kichwa nusu.
Zikapotea vilevile. Asava akawasha. Mteja hakuniamkia tena.

Ong'ayo akapiga simu kutoka Kisumu:
"Badilisha ruta, urudi. Mafuta ya gari ni ghali."
Ruta haikuwa na kosa.
Na mimi sikutaka kubadilisha, nilitaka kujua.

Basi nikakaa juu ya mabati na daftari.
Saa saba mchana, sifuri.
Saa nane, mbili.
Saa tisa na robo, kumi na tatu.
Saa kumi upepo wa milima ya Maragoli ukaninyang'anya leso kichwani,
na papo hapo, kwenye laptopu,
muda umekwisha
muda umekwisha
muda umekwisha.
Nikainua macho kuifuata leso.

Mikaratusi ya Kageha.
Tulipofunga antena, miaka sita nyuma, ilikuwa kimo cha mahindi,
nani angeihesabu?
Sasa kilele kimoja kilisimama katikati yangu na mnara,
kikiinama, kikiinuka;
kikiinama, kilima kinatuona,
kikiinuka, neno linafutwa.

Kageha alikuwa anapura maharagwe. Hakuacha.
"Hiyo ni karo ya Mudogo, na bado haijanenepa ikawa nguzo.
Kata, halafu wewe ndiye utakayemweleza mwalimu mkuu."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na futi kamba.

Chavakali, fundi wa milango aliniunganishia mita nne za bomba,
akanikopesha na koleo lake, kwa sharti la jina langu na nambari ya kitambulisho.
Tulilisimamisha bomba saa kumi na moja, mimi na Vihenda aliyevua viatu,
Kageha akiwa chini, mikono kiunoni,
akitupigia kelele: kushoto, kushoto, si huko, kushoto kwangu!
Upepo ulikuwa bado haujatosheka.
Mia zikaenda.
Tisini na tisa zikarudi.

Daktari akasema siku tano.
Akaisema yote, na chafya yake tukaisikia.

Mkaratusi hupanda mita mbili kwa mwaka, au zaidi mvua ikinyesha vizuri.
Nimepiga hesabu: utatufikia tena Mudogo akiwa kidato cha nne.
Nimeandika daftarini, chini ya bei ya bomba: niwahi.

Ile moja sikuitafuta. Kitabu kinasema moja katika mia ni kawaida.
Niko njiani kurudi Kisumu, giza limeingia,
nami naiwaza, ilikuwa imebeba nini.