Bure Hadi Thelathini

Jumapili, saa nne usiku, Grimsby.
Mvua inapiga dirisha kwa ubavu, kama mdai.
Nimezima hita, nimevaa koti la kutokea,
kompyuta imenikalia magotini, ndiyo jiko langu.
Kesho kipindi cha pili: sehemu. Nusu, theluthi, robo.
Karatasi za shule zimefungiwa kabatini tangu Januari,
ufunguo anao Bi. Hargreaves wa ofisini,
na Bi. Hargreaves ana moyo, ila hana bajeti.

Basi natafuta cha bure.

Neno hili lugha yangu imelitwika mizigo miwili:
kisicho na bei, na kisicho na maana.
Nimepewa bure. Nimekwenda bure. Mtu bure.
Saa hizi sijui ni lipi ninaloliandika
kwenye kisanduku cha kutafutia.

Cha kwanza kinakuja na tarumbeta,
nyota, rangi, pweza anayekonyeza jicho.
Kizuri chajiuza; hiki kinajitembeza
mpaka ndani ya barua zangu, kinaniita kwa jina.
Cha pili kinataka tarehe za kuzaliwa za watoto.
Za nini?
Cha tatu ni bure siku saba.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu, ya nane, ndiye anayenikabidhi jembe mimi.

Cha nne kizuri. Kizuri kweli.
Mstari wa namba unanyooka ukiugusa,
keki inakatika bila makombo,
na jibu la kila mtoto linapanda kama kiputo.
Najisajili. Naanza kuandika majina,
Abigail, Ayaan, Callum, nateremka na rejista
mpaka Tyler, wa thelathini, anaingia,
na mlango unafungwa kwa adabu:
*Bure hadi wanafunzi thelathini.*

Nimebaki na Zofia mkononi.

Zofia Wrona, wa mwisho kwa alfabeti, wa mwisho kwa kuja,
aliyeingia Februari na penseli za dada yake,
anayetundika koti kwenye kulabu
yenye jina la mtoto aliyehama.

Korogwe, darasa la tatu, tulikuwa sabini na kitu.
Mwalimu Semkiwa alitufundisha kugawanya kwa vizibo
alivyookota alfajiri nyuma ya baa ya stendi.
Watu wakamwita mlevi. Hakuwahi kuonja.
Vizibo vilikuwa bure; jina lake ndilo lililolipa.
Lakini hakuna aliyekosa kizibo.

Pauni sita kwa mwezi, wanasema, nifunguliwe mlango.
Mwezi huu nimeshanunua gundi, rula,
na tishu za mafua ya darasa zima.
Nafuta Tyler. Naandika Tyler-na-Zofia.
Nafunga kompyuta, baridi inaingia.

Jumatatu. Majina yanapanda ukutani.
Zofia anainua mkono, mara ya kwanza tangu Februari:
"Mwalimu, mbona mimi ni nusu?"

Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii.
Nimeulizwa kuhusu kifo, kuhusu Mungu,
kuhusu mjomba aliyechukuliwa na polisi, nikajibu.
Hapa ulimi ulilala.

Tyler, asiyeinua kichwa hata kengele ya moto ikilia,
akasema: "Hata mimi. Sogea.
Ipi kubwa, theluthi mbili au robo tatu?"
Wakabishana. Wakakosea. Wakabishana tena,
Zofia kwa Kipolandi, Tyler kwa vidole,
kiputo chao kikachelewa kuliko vyote.

Sijui kama nilitenda vyema.
Jioni pweza kaniandikia, anakonyeza:
*Hongera, Mwalimu! Je, uko tayari kukua?*
Nikashuka ofisini kuomba karatasi.
Moja tu, nikasema.
Herufi kumi, kalamu nene, nikaibandika juu ya kulabu.
Bi. Hargreaves alikuwa ameshafungua daftari lake,
ameandika tarehe, na jina langu,
na mbele yake: karatasi, moja.