Gari Lisilowaka

Kutu haina adabu. Huanzia usipopaangalia,
chini ya mkeka wa mpira, kwenye kizingiti cha mlango,
ikala kimya kimya kama deni.
Nimeikwangua tangu Pasaka:
msasa mkali, msasa laini, kisha kiganja changu,
hadi bati likaonyesha uso
chini ya vumbi la saruji la Tororo, la miaka arobaini.

Pijo nne-sufuri-nne, rangi ya maziwa yaliyochacha,
gia kwenye usukani, tundu la handeli chini ya pua.
Baba alilinunua alipokuwa karani wa reli,
akalioga kila Jumamosi kabla ya kutuogesha sisi.

Mwaka wa sabini na tisa askari walipita wakikimbilia kaskazini,
wakibeba chochote chenye magurudumu:
lori la pamba, baiskeli ya katekista, kitoroli cha hospitali.
Kwetu walimkuta Baba amevaa tai.
Funguo! Akatoa funguo.
Afisa akaketi, akapiga stata,
akapiga tena, hadi betri ikakohoa ikanyamaza.
Wakampiga Baba kwa handeli ya gari lake mwenyewe.
Wakaondoka na magurudumu tu.

Alikuwa ameing'oa rota,
kile kidude cha kahawia, hakizidi dole gumba,
kinachozunguka ndani ya distributa
kikiigawia kila plagi cheche yake.
Alikificha wapi, hakusema.
Vita vikaisha, tukamwuliza.
"Gari lisilowaka haliibwi,"
akaendelea kumenya muhogo kwa mkono uliobaki mzima.
Serikali zikabadilika. Tukamwuliza.
Jibu lilikuwa lile lile.
Tulimzika nalo.

Sasa nimestaafu kufundisha, nina muda na magoti mabovu.
Emojong huja Jumapili baada ya ibada. Hataki pesa,
anataka chai na mtu wa kubishana naye.
"Mwalimu, unashika spana kama chaki."
Chaki nayo huvunjika ukiikaza, nikamwambia.

Pistoni tulizilowesha mafuta ya taa wiki tatu,
tukisukuma handeli, ikigoma, ikigoma,
hadi siku moja ikasogea kiasi cha ukucha.
Emojong akavua kofia.
Kabureta niliichemsha katika sufuria ya maharage
(maharage yale hatujayasahau).
Gasketi niliikata kutoka jalada la rejista ya darasa la nne;
majina mawili bado yanasomeka: Owora, Nyafwono.
Rota niliifuata hadi Kisekka, Kampala.
Vijana wa pale wakanitazama kama niliyeulizia kwato za nyati,
wakaniuzia ya Toyota. Haikuingia.

Ndipo nikafungua kiti cha dereva, nibadilishe springi.
Katikati ya katani na mavi ya panya,
mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa magunia.
Nikaujua uzito wake kabla ya kufungua.

Basi yule afisa aliikalia.
Alipokuwa akitukana, akipiga stata, aliikalia.
Nasi watoto, tuliokwenda Mombasa na kurudi
bila kutoka nyuma ya jiko, tuliikalia.
Na Baba, jioni zile alizopenda kukaa humo peke yake
akisikiliza redio ya mkononi,
nilidhani anasikiliza habari.

Alhamisi limewaka.
Si kwa heshima: moshi wa buluu, kishindo,
kuku wa jirani wakaruka ua.
Emojong amecheka hadi kuketi chini.
Gia ya nyuma haiingii, na mbele kuna ukuta wa banda,
kwa hiyo haliendi popote
mpaka tubomoe kimojawapo.

Usiku nimelifunika kwa turubai.
Rota nimeiacha mahali pake, ndani ya distributa.
Nimeamka mara mbili kwenda kuangalia.