Kanzu ya Mikono Saba

Barua imekuja kwa simu, si kwa mlango:
"Mpendwa Shekue, tumekujua."
Wameandika hivyo hivyo, tumekujua,
kama mkwe aliyekwisha kula sikukuu mbili kwenu.
"Kifurushi hiki hakina mwenzake Mombasa nzima.
Tumekikata kwa kipimo chako."

Mimi ni fundi cherehani, hapa Guraya,
mwaka wa thelathini na mmoja napima watu.
Nikikupima nakwambia simama wima,
nyanyua mkono, usivute tumbo,
na utepe wangu wausikia shingoni, baridi.
Hawa wamenipima lini?

Wasema: alfajiri wasikiliza mawaidha,
tumekuwekea njia ya sauti, nyembamba, isiyokatika.
Saa moja katuni za paka wa buluu.
Saa nne wauza mitumba kwa video,
basi tumekupanulia njia ya kwenda,
maana wengine hupanuliwa ya kuja tu.
Jumamosi, mpira ukianza, watangulia foleni;
mtaa mzima ungoje.
Na saa nane za usiku, Shekue,
ukiwa peke yako na Kijerumani chako,
twakupa kasi yote bila kukuongeza bei,
kwa kuwa tumeona hulali.

Kijerumani? Mimi?
Mimi saa nne nimeshazima,
nakoroma hadi kuku wa jirani walalamika.

Nyumba ina vyumba sita na ruta moja
juu ya kabati la vyombo, yakonyeza kijani
kwa jina langu na kitambulisho changu.
Mawaidha ni ya Bi Mwanasha.
Paka ni wa mjukuu wangu, Taabu.
Mitumba ni ya Nyevu, ajipigaye video
na makoti matatu mwilini, Februari, jasho likimchuruzika.
Mpira ni wa Ouma na Mutisya, wasiosalimiana tangu penalti ile.
Wangu ni dakika nne za Jumatatu,
bei ya vitambaa Dubai.
Hizo hawakuzitaja.

Wametujumlisha huko, wakashona mtu mmoja,
mcha Mungu, mtoto, mchuuzi, shabiki,
jitu la mikono saba,
wakalivisha kanzu ikalikaa.
Nakiri, fundi kwa fundi:
mshono haukuvuta, haukulegea.

Ila huyo wa saa nane.

Usiku ule nilitoka peku, kikoi kiunoni.
Ruta ilikuwa yametameta kwa pupa, kana kwamba yatafuna.
Chini ya mlango wa tatu, mwanga
mwembamba kama uzi wa kutarizi.
Riziki. Yule muuguzi, mpangaji kimya,
alipaye tarehe mosi bila kukumbushwa.
"Panauma wapi?" akasema kwa Kiswahili,
kisha maneno ya kokoto, akiyatafuna taratibu.
"Tangu lini?" Kokoto tena.
"Usiogope." Hapo alikwama,
akarudia, akarudia,
na waya wote wa nyumba ukamngoja.

Miaka miwili twafuturu sinia moja.
Hakuniambia kwamba ataondoka.
Kampuni ilijua kabla yangu,
ikamfagilia njia, na barua
ikamwandikia mtu mwingine.

Asubuhi uwani, macho mekundu, ndoo mkononi.
"Umelala, mwanangu?"
"Nimelala, mjomba."
Mkono wangu ulishaufikia utepe.
Huko kwahitaji koti zito, bitana mbili,
na bega lake la kushoto limeshuka kidogo,
nimeliona zamani, ni kubeba wagonjwa.
Mdomo ulishafunguka.

Nikaufunga.
Hicho nakijua, lakini sikupewa.

Nimelipa bili siku tatu kabla.
"Umeridhika? Bonyeza moja." Sijabonyeza.
Utepe nimeukunja, nimeutia mfukoni.
Siku atakayokuja mwenyewe dukani,
akasimama wima, akanyanyua mkono,
ndiyo siku nitakayompima.