Shuka ya Tisa

Mwaka ule mchele wa Bama haukuja Wete.
Tulikula sembe ya njano iliyokwaruza koo,
na nguo nyeupe ilikuwa kwa kibali:
hata maiti wa Utaani alingoja kutwa nzima
mpaka Mudiri atie saini.

Ndipo likaja gari la sinema kutoka Unguja,
pazia lao limelowa mafuta melini.
Wakazunguka mji kutafuta kitambaa.
Tarishi wa sheha, ambaye salamu zetu
zilikuwa hazimfiki sikioni,
siku hiyo alipiga hodi mara tatu.

Kwetu zilianikwa shuka tisa
za daktari Mgoa wa hospitali.
Mama alikuwa dobi.
Jina lake Mize binti Shaame, lakini mji
ulikuwa na jina jingine la kumwita, na mimi langu:
mwana wa kambi, aliyeokotwa msimu wa karafuu.
Kikonyo, walinita watoto wa Jadida.
Kikonyo kinanuka karafuu ileile,
ila mizani ikifika
hutiwa gunia la peke yake.

Baba alikwenda Keya mimi sijaota meno.
Fedha za askari zikija kwa wake zao,
kila mwisho wa mwezi, foleni barazani kwa Mudiri.
Mama hakuwa na cheti.
Alipita na kapu la nguo kichwani
upande wa pili wa barabara,
hatazami.

"Shuka si zangu," alimwambia tarishi.
Kisha akachagua moja iliyokauka vizuri,
akainusa,
akampa.

Usiku waliitundika kwenye goli la uwanja wa skuli.
Sisi tulikaa pembeni, mahali petu.
Mashine ikakohoa, na juu ya shuka ya daktari
wakaanza kupita vijana wenye kofia,
wanavuka mto, bunduki juu ya vichwa
kama wanawake watokao kisimani.
Upepo ukivuma, jeshi zima
linafura tumbo, kisha linapwaya.
Watu walicheka.
Mimi nilikuwa natafuta uso
ambao sikuwahi kuuona.

Akatokea mmoja anakula kwenye kopo.
Akageuka, akatuchekea, pengo mbele.

Mama akasimama.
Akapita baina ya majamvi, juu ya miguu ya watu,
mpaka mwanga ukamshika mgongoni
na kivuli chake, na ukaya wake,
kikaingia mtoni pamoja na askari.

"Kaa chini!"
"We Mize! Unatuziba!"

Mize.
Kwa hasira walilisahau lile jina jingine.

Hakukaa.
Sura ya yule mtu ikampanda mabegani,
ikatulia kidogo kwenye ukaya, inatafuna,
ikaondoka.
Ikafuata picha ya mbu na madimbwi;
watu wakapiga miayo, wengine wakaenda zao.

Usiku uleule tuliifua tena kisimani,
buluu ya mwisho iliyobaki kwenye kopo.
Nikamuuliza: "Ndiye?"
"Kamata ncha hiyo," alisema.
Tukaikamua, yeye anasokota kulia, mimi kushoto,
baina yetu shuka imekuwa kamba.
Nilichungulia yale maji yalivyokuwa yakichuruzika.
Hakutoka mtu.

"Tuikaze tena?"
"Tena."

Asubuhi daktari alizihesabu mlangoni, moja moja,
kwa kidole kilichonuka dawa: tisa.
Ya chini akaishika zaidi.
"Hii bado mbichi."

"Umande," mama alimjibu,
akapokea senti zake,
akazifunga pembeni mwa kanga,
fundo mbili.