Chini ya Karai

Lugembe alishainua jembe.
Nikamwambia: ngoja, nimtazame kwanza.

Urefu wa kamba ya kiatu,
kiatu cha shule, si buti.
Rangi ya chai ya maziwa iliyozidi majani.
Shingo hujui inaanzia wapi.
Na kila upande, toka puani, michirizi miwili myeupe,
mmoja juu ya jicho, mwingine chini,
kama aliyepakwa unga kwa kidole cha haraka.

Hakuvimbisha shingo. Hakuinuka.
Alijisokota kwenye shina la matembele,
hapa Nyegezi, nyuma ya jiko,
jiwe kubwa lilipokuwepo kabla ya ukuta.

"Nyoka ni nyoka," akasema Lugembe.
Mwaka juzi swila aliua mbuzi wake wa maziwa.
Sikumcheka.

Nikamfunika karai.
Tukasimama, watu wazima wawili, tunalinda karai,
Holo akiuliza dirishani kama humo ndani anapata hewa.

Panya wamenila mbegu za mahindi,
wamekula sabuni, wamekula
pembe ya picha ya harusi ya mama.
Huyu ni nyoka wa nyumba, nikasema, hana sumu.
Sasa ni wa mijusi. Akikua ni wa panya.
"Basi akue kwako," akajibu, akaondoka na jembe lake.

Usiku upepo wa ziwa ukagonga mabati.
Alfajiri nikabinua karai kwa mpini wa fagio:
udongo mtupu,
na mfuo mwembamba, mbichi,
uliopita chini ya ua
kwenda kwa Lugembe.

Nikaufuta kwa kandambili.