Lipu Niliyoipiga Mwenyewe

Nimelipwa mara mbili kwa ukuta mmoja:
mwaka wa themanini na nane, kuufunika;
mwaka huu, kuufunua.

Ghala la ufuta, Lindi, upande wa gati.
Kuta za matumbawe, unene wa mkono wangu
bega hadi kidole. Meneja aliniambia, Mfaume,
lipige saruji, lionekane jipya.
Mifuko sitini. Likaonekana jipya
hadi masika.

Kisha likaanza kuugua kwa ndani.
Chumvi ikachanua kama upele chini ya shati,
boriti za mkoko zikalainika vichwani,
watu wakasema mawe ya kale hayafai,
bomoeni, wekeni tofali.
Sikusema kitu. Nilimjua aliyemvika koti la mvua
mtu anayetoka jasho.

Akaja Somoe Nachundu, mchora ramani,
na tepu, na mkeka.
Siku tatu hakuchora. Aliketi ndani, mlango umefungwa,
matundu ya bati yakimdondoshea jua sakafuni,
naye akilizungushia chaki:
saa tatu hapa, saa saba hapa, saa kumi pale.
Vibarua wakacheka, huyu anacheza bao na jua.

Ghala halikuhitaji kuona, akasema.
Gunia halitazami nje.
Lakini mwanamke atokaye Milola, mimba ya miezi tisa,
anayelala hapa kuusubiri uchungu karibu na hospitali,
atatazama nini?

Nilitaka madirisha kumi.
Akaniuliza: na paa utambebesha nani?
Nikapima kwa jicho, nikaona haya, nikashika tindo.
Manne. Tena chini, kimo cha mtu aliyelala,
maana atakayechungulia hatakuwa amesimama.

Saruji ikatoka kwa vipande vikubwa.
Nyuma yake mawe yamelowa.
Chokaa tulikuwa tumeilaza shimoni tangu Ramadhani,
laini kama mtindi,
na bado kijana Dadi ananinong'oneza:
Fundi, tia saruji kidogo tu, ishike upesi.
Kidogo tu.
Ndivyo nilivyoanza mimi.

Karibu na mlango wa nyuma nikakuta jina langu,
M. CHILUMBA 88, limechorwa kwa msumari
na mtu mwenye haraka ya kulipwa.
Nikanyanyua nyundo. Somoe akaushika mpini.
Hapo pabaki.
Paharibu ukuta?
Kiganja kimoja hakiuui, akasema, akarudi kwenye tepu yake.
Nikalainisha kingo, nikapaka chokaa kulizunguka
kama mtu anayekwepa kidonda.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha.
Asubuhi nikaenda, nikachuchumaa nje,
nikaweka shavu ukutani. Baridi. Kavu.
Dirishani, sawa na uso wangu, mama amelala ubavu.
Fundi, akaniuliza, humu mlikuwa mkikaanga nini?
Nikanusa.
Ufuta, nikamwambia. Wa zamani.
Ndiyo kwanza unatoka.