Orodha ya Safari ya Skarvhamn

Nimetandaza ramani juu ya meza ya jikoni.
Kona moja nimeibana kwa kikombe, ya pili kwa chupa ya asali,
ya tatu imekaliwa na paka, ambaye hakuombwa.
Ya nne inajikunja, inataka kurudi ilikotoka.

Skarvhamn: nukta ndogo kama ncha ya kucha,
pale Norwe inapoishiwa na nchi kavu.

Miaka ishirini na mitatu nimeendesha basi la shule Trondheim,
watoto nikiwaona kwa kioo, daima nyuma yangu.
Mwezi huu wa Machi nina siku sita.
Nataka kuona kitu kikiwa mbele.

Nimeandika:
jua litachomoza saa kumi na mbili na dakika tisa,
litagonga mlima kwanza, litachelewa kushuka gatini,
kwa hiyo niwe darajani saa kumi na moja na nusu,
stendi imesimama, vidole ndani ya glavu zilizokatwa ncha.
Jumanne ni bamvua. Maji yakijaa yakatulia,
nyumba nyekundu zitasimama juu ya nyumba nyekundu
zilizopinduliwa,
nami nitabonyeza.

Kaka yangu Eilif ameniazima lenzi yake ndefu
kwa masharti kuliko ya benki.
"Usiibadilishe kwenye upepo. Usiifute kwa shati.
Na betri, Torbjørg, ziweke kwapani, baridi huzila."
Nikamwambia, mwenda tezi na omo, marejeo ngamani;
lenzi yako itarudi sandukuni mwake.
Akajibu: irudi haina mchanga.

Picha yenyewe nimeshaiona mara elfu:
kalenda ya daktari wa meno, kifuniko cha kopo la biskuti,
daraja lile lile, wekundu ule ule,
mlima na kofia yake ya theluji.
Bado naitaka, wala sioni haya.
Hata mkate wa kila siku una njaa yake.

Jana nikampigia simu mwenye vyumba, Ragndi Moldskred,
kuuliza kama dirisha langu linatazama bandari.
Likitazama, nikasema, nitaongeza pesa.
Kimya. Nikasikia birika likichemka upande wa pili,
na kikohozi cha mtu mzee.
"Yote yanatazama," akasema.
"Ila Jumanne boti hazitakuwepo. Chewa wameingia.
Kila mwenye mikono atakuwa baharini hadi usiku.
Utapiga picha ya nguzo na ndege."

Kalamu yangu ikasimama juu ya neno Jumanne.

Kisha, kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Hiyo kamera yako, inapiga na watu?"

Mama yake, Gudny, ana miaka tisini na moja.
Kitambulisho kimekwisha muda,
mpiga picha wa karibu yuko ng'ambo, saa tatu kwa feri,
na magoti ya mama hayapandi tena feri.
"Wanakuja mia mbili kwa wiki na vyombo vyao," akasema,
"wanajipanga darajani, wametupa kisogo.
Mlango wetu uko nyuma yao, hatua kumi.
Hajawahi kugeuka hata mmoja."

Sikujua la kusema.
Nikauliza ukuta wa jikoni una rangi gani.
Kijani, akasema. Una maua.
Ofisi hazipendi maua, nikasema,
tukacheka, wawili tusiojuana.

Leo nimefuta Jumanne, si yote.
Saa kumi na moja na nusu imebaki palepale;
nguzo na ndege, na iwe nguzo na ndege.
Lakini saa nne, mwanga ukishafika dirishani kwa Ragndi:
kiti kimoja, mita moja na nusu kutoka ukutani,
lenzi fupi, ile yangu, yenye mkwaruzo.

Na chini ya betri, chini ya glavu, nimeongeza:
shuka jeupe, lisilo na ua hata moja.
Vibanio vinne vya nguo.

Nimesahau kuuliza kama Gudny huvaa miwani.
Ninapiga tena. Simu inaita, inaita.
Paka ameshuka mezani.
Kona ya tatu inajikunja polepole, inaufunika mlima.